Kazi za sanaa zisiuzwe bila jina la msanii

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikie wenye maduka ya sanaa, wenye migahawa na viongozi wa masoko ya vinyago jijini Dar es Salaam kwa ombi moja tu: kila kazi inayotundikwa ukutani au kupangwa rafuni iandikwe jina la aliyeifanya.

Jumamosi iliyopita nilimtembeza mjini binamu yangu, mwalimu aliyekuja kutoka Tunduru. Tulianza na sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, tukashuka hadi Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid, kisha tukaingia Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Mchana tulikwenda Oyster Bay, na jua lilipopungua tukamalizia Mwenge kwenye vinyago. Ni siku ambayo ningemshauri mkazi yeyote wa jiji hili aipange, hata kama hana nia ya kununua kitu, kwa sababu nauli ya daladala haitoshi kuwa kisingizio na sanaa hii si ya watalii peke yao.

Kilichonisukuma kuandika ni mgahawa mmoja tulimopumzika kunywa kahawa. Kuta zake zilijaa picha nzuri za rangi za mafuta, na kila picha ilikuwa na kibandiko chenye bei, tena kwa dola, lakini hapakuwa na jina hata moja. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alituambia kwamba picha huletwa na dalali na kwamba yeye hajui zaidi ya hapo. Mambo yalikuwa hivyohivyo katika maduka kadhaa tuliyopitia: tuliambiwa aina ya mti, uzito wa kinyago na punguzo tutakalopewa tukichukua viwili, ila mchongaji hakutajwa mpaka tulipouliza, na mara nyingi hata tulipouliza.

Binamu yangu alishangaa kuliko mimi, na alikuwa na sababu. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alizaliwa huko kwao Tunduru mwaka 1932. Alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kawaida za dukani juu ya vipande vya ubao laini, picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, naye alizitia saini kwa herufi zinazosomeka vizuri. Aliishi miaka minne tu baada ya hapo, kwani mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho kipo hadi leo. Bila ile saini, leo tusingeweza kutenganisha picha aliyoichora yeye na maelfu ya picha zilizofuata mtindo wake, wala wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda, wasingekuwa na njia ya kuonyesha kwamba nao walikuwa na mkono wao.

Kwa upande wa vinyago tumepoteza zaidi. Tunajua kwamba mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mapepo, unahusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyechonga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu wapo waliojali kuliandika jina lake. Wenzake wengi waliochonga mpingo usiku na mchana hatuwajui kabisa, ingawa kazi zao zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, ambako msanii wake huandikwa kuwa hajulikani. Mwingereza aliyeifinyanga sanamu ya Askari, James Alexander Stevenson, anajulikana.

Najua wafanyabiashara wana hofu yao. Jina likiwekwa wazi, mteja anaweza kumfuata msanii moja kwa moja na dalali akakosa chake. Hofu hiyo haikosi msingi, lakini dawa yake ni makubaliano ya maandishi kati ya duka na msanii, ambayo ni ya haki kuliko kumficha mtu aliyetoa jasho. Wengine watasema kinyago hupita mikononi mwa watu wengi, mmoja akikata gogo, mwingine akichonga, wa tatu akipiga msasa. Basi liandikwe jina la mchongaji pamoja na la karakana. Pale Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako tangu 2008 wasanii hufanya kazi katika makontena yaliyogeuzwa karakana, mgeni anaweza kumkuta msanii mwenyewe akiwa kazini, na sijaona kwamba jambo hilo limeua biashara.

Wala siombi hisani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, na haki hiyo haiishi kwa sababu picha imenunuliwa kwa jumla na kutundikwa juu ya meza ya kahawa. COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, imefanya kazi kubwa upande wa muziki, na ningependa maofisa wake watembelee pia masoko ya vinyago na migahawa yenye picha, kwanza kwa kuelimisha kabla ya kutoza faini.

Wakati hayo yakisubiriwa, wanunuzi wenzangu wanaweza kuanza wenyewe. Kabla ya kuuliza bei, tuulize nani ameichora au ameichonga, kisha tumwombe muuzaji aliandike jina hilo nyuma ya picha au chini ya kinyago, pamoja na mwaka. Pale Mwenge, mara nyingi mwenye jina yuko hatua chache tu nyuma ya duka, patasi mkononi.

Mpenzi wa sanaa,
Kinondoni, Dar es Salaam