Rezista ya LED kwenye betri ya sola: usipige hesabu kwa 12

Rafiki yangu,

Salaam sana, natumaini nyumbani hamjambo. Mchoro wa taa za banda la vifaranga nimeupata: LED nyeupe tatu tatu kwa mfululizo, mistari minane, kila mstari na rezista yake (kifaa kinachozuia mkondo usizidi) ya omu 120, zote kwenye betri ya sola ya volti 12. Unauliza imekuwaje mistari miwili imeshafifia ilhali hesabu ulizirudia. Hesabu zako hazina kosa. Tatizo liko kwenye ile 12 uliyoanza nayo.

Umefanya hivi: LED nyeupe moja huchukua kama volti 3.2, tatu ni 9.6. Ukitoa kwenye 12 zinabaki 2.4, ukigawa kwa ampea 0.020, yaani mkondo wa miliampea 20 unaoulenga, unapata omu 120. Sawa. Lakini betri ya asidi iliyoandikwa 12 haikai kwenye 12. Ikiwa imejaa na imetulia husoma karibu 12.7, ikichajiwa na paneli hupanda hadi 14.4 hivi, na alfajiri ikikaribia kuisha hushuka hata 11.5. Na wewe taa za vifaranga huzizimi mchana. Basi weka 14.4 mahali pa 12: toa 9.6, zinabaki 4.8, gawa kwa 120. Ni miliampea 40! Betri imepanda kwa sehemu moja ya tano tu, mkondo umekuwa mara mbili. Ni kwa sababu LED karibu hazibadilishi volti zao, kwa hiyo nyongeza yote huiangukia rezista. Ukipima utakuta pungufu kidogo ya 40, maana LED nazo hupanda kiasi, ila LED ya kawaida ya milimita 5 hutengenezewa miliampea 20. Jua likiwaka ndipo zinapoungua.

Kwa hiyo rezista ipigiwe hesabu kwa volti za juu kabisa ambazo betri itafika, kisha ndiyo uangalie kama zile za chini bado zinatoa mwanga wa kutosha. Usilenge 20 pia, lenga 15. Jicho halitaona tofauti kubwa, na LED itaishi muda mrefu zaidi. Kwa mistari yako: 4.8 gawa kwa 0.015 ni 320. Dukani hutaipata 320, chukua 330. Ukikosa namba kamili panda juu, usishuke. Hapo mchana utakuwa na miliampea 14.5.

Sasa ona alfajiri: 11.5 toa 9.6 ni 1.9, gawa kwa 330, hata 6 hazifiki. Mwanga umepungua zaidi ya nusu. Huu ndio udhaifu wa kupanga tatu kwa mfululizo: rezista inabaki na volti chache mno, hivyo kila betri inapotikisika mkondo unaruka nayo. Ukipanga mbili mbili, LED zinachukua 6.4, rezista inabakiwa na 8 wakati wa kuchaji. Weka omu 560. Mchana ni miliampea 14.3, alfajiri bado 9. Gharama yake ni kwamba LED zako 24 zitakuwa mistari 12 badala ya minane, na mchana zitavuta miliampea 170 hivi badala ya 116. Kwa vifaranga ningechagua mbili mbili bila kusita. Kwa taa ya mlangoni, tatu tatu zinatosha. Nne usithubutu: zinataka 12.8, betri ikishuka tu zinakuwa kama hazipo.

Najua pia utashawishika kuokoa rezista kwa kuunganisha LED zote sambamba, yaani ubavu kwa ubavu, nyuma ya rezista moja. Usifanye. LED hazifanani hata zikitoka mfuko mmoja. Ile yenye volti ndogo kidogo huvuta mkondo mwingi kuliko wenzake, inapata joto, joto linaishusha volti tena, inavuta zaidi. Ikifa, mgao wake unahamia kwa zilizobaki. Kila mstari na rezista yake.

Kuhusu wati usihangaike: volti 8 mara ampea 0.0143 ni wati 0.11, robo wati inatosha. Ukihamia LED za wati 1, zile za miliampea 350, huo ni mchezo mwingine. Rezista inageuka jiko, afadhali ununue draiva ya mkondo thabiti, kifaa kinachoshikilia mkondo usibadilike.

Unaponunua, soma rangi polepole. Kwenye rezista yenye mikanda minne ya rangi, 330 ni chungwa, chungwa, kahawia. Mkanda wa tatu ukiwa mweusi, hiyo ni 33, na LED zitakufa papo hapo. Ukiwa mwekundu ni 3,300, taa zitawaka kama kimulimuli. 560 ni kijani, buluu, kahawia. Kahawia na nyekundu kwenye rezista za bei rahisi zinafanana sana, zile za mwili wa buluu ndiyo kabisa, kwa hiyo pima kila moja kwa mita kabla ya kuichomea risasi.

LED zenyewe zipime pia, maana 3.2 ni makadirio; nyekundu huwa karibu 2. Unganisha LED moja na rezista ya omu 1,000 kwenye betri, mguu mrefu upande wa chanya, kisha pima volti kati ya miguu miwili ya LED. Namba hiyo ndiyo uitumie.

Ukimaliza, subiri saa sita mchana betri ikiwa inachajiwa, weka mita kwenye volti na ugusishe ncha mbili za rezista. Volti hizo gawa kwa omu zake, ndio mkondo wako. Hakuna haja ya kukata waya. Kwenye 560 utarajie kama 8. Ukikuta zaidi ya 11, mkondo umefika 20 hivi au zaidi, na kuna LED imepiga shoti au betri inachajiwa kupita kiasi. Angalia kwanza kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri. Na taa zisiwahi kuachwa kwenye paneli bila betri: paneli inayoitwa ya 12 ikiwa haina mzigo hufika volti 21 au zaidi.

Fyuzi ya ampea 1 iwe karibu na betri, siyo bandani. Viungo vya risasi vifunike vizuri, hewa ya kinyesi cha kuku hula shaba.

Nitumie volti za LED zako na volti za betri saa sita mchana, nikupigie hesabu ya mistari yote.

Wasalimie wote.

Rafiki yako