Picha tatu za mwisho wa filamu

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na zile picha za kivuli chako ukutani nimeziangalia kwa miwani na bila miwani. Mama yako ameuliza nani atanunua picha ya kivuli. Sikumjibu pale pale, maana jibu langu ni refu.

Unasema umechoka na kazi ya kupiga picha za sherehe. Jumamosi sendofu, Jumapili harusi, usiku unarekebisha nyuso za watu mpaka macho yanawaka. Picha zako mwenyewe unazipiga kwa muda wa kuiba, na umeziita mabaki. Neno hilo limeniuma.

Yuko mpigapicha anaitwa Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni mwaka 1962, utoto wake ukapitiwa na vita vya Biafra kule Nigeria, kisha akaenda kuishi kwa ndugu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975 akafungua studio yake. Alikuwa na miaka 13, mama! Mchana alipiga picha za pasipoti na za familia kama mpigapicha yeyote wa mtaani. Jioni, filamu ikibakiza nafasi chache, alijipamba, akasimama mbele ya pazia lake na kujipiga mwenyewe. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria, aone kwamba mjukuu ni mzima.

Hesabu hiyo naijua mikononi. Rola moja ya filamu kwenye kamera ya studio yangu, ile ya picha za mraba, ilitoa picha 12. Ukipiga wateja tisa, zinabaki tatu, na wateja wanataka picha zao kesho, kwa hiyo lazima filamu isafishwe usiku huo huo. Mimi zile tatu nilipiga ukuta ili filamu iishe. Miaka yote ile, ukuta! Yeye, mtoto, alijipiga mwenyewe.

Picha hizo zilikaa karibu miaka 20 ndipo zikaonyeshwa Bamako mwaka 1994, kwenye maonyesho ya kwanza ya upigaji picha wa Afrika pale Mali. Hizo hizo za mwisho wa filamu ndizo zilizomtambulisha. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse kule London. Kwa hiyo harusi zako usizichukie, ndizo zinazolipa kodi ya chumba na kamera. Ila kila unapotoka ukumbini, kabla hujazima taa zako, piga tatu zako.

Na uzitunze. Mwaka 2014, wakati wa vita, nyumba ya Fosso Bangui iliporwa, negativu, yaani filamu zake zilizosafishwa, zikatapakaa nje. Waandishi wa habari waliopita ndio waliookoa nyingi. Za kwangu hazikuporwa na mtu. Nilipofunga studio nilizichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, masanduku manne, kwa kuwa nilidhani ni takataka zinazokula nafasi. Humo alikuwamo marehemu bibi yako, amevaa kanga mpya, anacheka. Sina picha nyingine ya bibi yako akicheka.

Nunua diski mbili za kuhifadhia picha. Moja kaa nayo, nyingine niletee huku Tanga niiweke kabatini. Andika tarehe na mahali, hata kama picha unaiona mbaya leo.

Ile picha ya pili ya kivuli chako, ambayo mkono umekatwa na dirisha, ichapishe kwenye karatasi nzuri uitume kwa basi. Mama yako anataka kuiona tena.

Baba yako