Konfitiri inamwagika, biskwi inatandaa: rekebisha hivi kabla ya kulaumu furu

Wateja wanaonunua siagi kwetu ili waoke biskwi za tunda, zile zenye shimo katikati linalojazwa konfitiri, huja na malalamiko mawili. Kuna wanaosema biskwi ziliyeyuka, zikaungana zote, zikawa chapati moja nyembamba. Wengine wanasema konfitiri ilichemka, ikamwagika pembeni, ikaungua na kuzigandisha biskwi kwenye bati. Karibu wote wanalaumu furu. Mara nyingi furu haina kosa. Kosa lilishafanyika mezani: siagi ilikuwa laini kupita kiasi, na tunda lilikuwa bado lina maji mengi. Ukishayamudu hayo mawili, biskwi hii ni rahisi kuliko mandazi, maana haina hamira wala kusubiri iumuke.

Tunda lipikwe siku moja kabla

Konfitiri ya kupaka mkate ilipikwa ili ikae juu ya mkate baridi. Ndani ya furu yenye digrii 170 maji yaliyobaki ndani yake huanza kuchemka, hutoa mapovu, na mapovu hayo huisukuma sukari nje ya shimo. Ndiyo maana tunda la biskwi hupikwa zaidi, hadi liwe zito.

Nanasi la Idjwi lililoiva vizuri ndilo tunalopendekeza kwa anayeanza, kwa sababu harufu yake haipotei motoni. Chukua gramu 500 za nyama yake, bila ganda wala ule moyo mgumu, uiparuze au uikatekate ndogo sana. Weka sukari gramu 180 na maji ya limau moja. Nanasi lina pektini kidogo, na pektini ndiyo inayofanya konfitiri igande; kwa hiyo zifunge mbegu za lile limau katika kitambaa safi, uzichemshe humo humo, halafu uzitoe mwishoni. Ukiwa na mapera, badala ya mbegu toa gramu 150 za nanasi uweke mapera yaliyochujwa. Mapera yana pektini nyingi, na mchanganyiko huo hukaa shimoni bila taabu.

Sasa kipimo. Usikadirie kwa macho, tumia mizani. Pima sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake. Tunda, sukari na limau vitakuwa karibu gramu 700. Pika kwenye moto wa wastani bila kufunika, ukikoroga mara kwa mara mwanzoni na bila kuacha mwishoni, hadi vilivyomo vibaki gramu 340 hivi, yaani nusu. Kwenye sufuria pana ni kazi ya dakika 40. Sufuria nyembamba na ndefu itakuchelewesha kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Ukipitisha kijiko chini, njia ibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Kiasi hicho kinatosha kuoka mara mbili, na kinachobaki hukaa kwenye chupa safi ndani ya frigo.

Wenye kipimajoto wawe makini hapa. Mapishi ya Ulaya husema konfitiri iko tayari kwa digrii 105. Hiyo ni kwa mtu anayekaa karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye digrii 95 hivi. Maana yake konfitiri ikifika digrii 100 hapa kwetu, imeshafikia uzito ule ule ambao Ulaya unaitwa 105. Kwa biskwi tunaongeza digrii 2 tu, tunaepua. Anayesubiri 105 hapa atapata kitu kinachovutika, na kikipita furuni tena kitakuwa pipi ya kunata meno.

Marakuja ni tamu sana kwa biskwi hizi lakini ni maji matupu. Ichanganye nusu kwa nusu na embe au papai lililopondwa, upike kwa kipimo kile kile cha nusu ya uzito. Fraizi nazo zina maji mengi na pektini kidogo, limau ni lazima. Papai peke yake halina ukali, ladha yake hulala ndani ya siagi. Tusingelitumia bila marakuja.

Wapo wanaouliza kama jelatini inaweza kufupisha kazi. Haiwezi. Jelatini huyeyuka hata kwenye joto la mwili, seuze la furu.

Na kama umenunua konfitiri ya dukani, usiiweke moja kwa moja. Mimina gramu 200 kwenye kikaango, uipike hadi ibaki gramu 160, kisha uiache ipoe kabisa. Dakika chache hizo ndizo zinazookoa bati zima.

Donge: moja, mbili, tatu

Kipimo ni rahisi kukumbuka: sukari sehemu moja, siagi mbili, unga tatu. Kwa biskwi 30 za gramu 20 hivi, chukua sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300, ute wa njano wa yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai na ganda la limau lililoparuzwa. Poda ya kuumulia usiweke. Biskwi hii inatakiwa ibaki na umbo ulilolipa, na poda huinua donge, shimo likafutika na tunda likateleza nje.

Unga unaouzwa kwa gunia hapa mjini mara nyingi umesagwa kwa ajili ya mikate, una nguvu. Kwa biskwi nguvu hiyo ni hasara, inatoa kitu kigumu cha kuvunja. Toa gramu 45 za unga, weka gramu 45 za maizena mahali pake. Unga wa muhogo wa fufu hauwezi kushika nafasi hiyo, harufu yake itashinda siagi.

Sukari iwe laini. Yenye chembe kubwa isage kwanza kwenye mashine au kinu, kwa sababu chembe kubwa huyeyukia furuni na kulitandaza donge.

Kuhusu siagi tunasema wazi: siagi na majarini si kitu kimoja. Siagi halisi ina mafuta asilimia 80 au zaidi, na maji karibu asilimia 16. Majarini za kupaka hutofautiana sana. Nyingine zina maji mengi mno. Geuza kopo, soma asilimia ya mafuta. Chini ya 80, biskwi zitatandaa na hazitakuwa na ladha uliyoitegemea. Kama mfuko hauruhusu siagi yote, changanya nusu siagi na nusu majarini ngumu ya kuokea, ila usishuke chini ya nusu.

Siagi iwe laini ya kupokea kidole lakini bado baridi ukiigusa. Ikianza kung'aa na kutoa mafuta, imeshapita, irudishe frigo. Ichanganye na sukari hadi vishikane tu, dakika moja au mbili. Usiipige hadi iwe nyeupe na nyepesi kama ya keki, kwa sababu hewa unayoingiza hutanuka furuni na kuangusha kingo. Ongeza ute wa njano wa yai, chumvi na ganda la limau, halafu unga wote mara moja. Kusanya kwa vidole hadi unga mkavu usionekane, uishie hapo. Ukiendelea kukanda, unaamsha ile nguvu ya unga tuliyotaka kuipunguza.

Donge lifunge kwenye sashe, lilaze frigo nusu saa. Umeme ukiwa umekatika, weka donge ndani ya bakuli la chuma lenye kifuniko, bakuli hilo uliweke katika beseni la maji baridi, juu ulifunike kitambaa kilicholowa. Fanya kazi hii asubuhi mapema, na mbali na mbabula. Jikoni penye mbabula inayowaka hakuna siagi inayobaki imara.

Kuunda na kuoka

Tengeneza vidonge vya gramu 20, vipange bati kwa umbali wa sentimita 4. Bonyeza katikati kwa kidole gumba au kwa ncha ya mpini wa mwiko, uache kama milimita 5 za donge chini. Chini pakiwa pembamba zaidi, tunda litatoboa. Pembeni pakipasuka, paunganishe sasa hivi kwa vidole, maana ufa mdogo hufunguka ukiwa motoni. Tia tunda lililopoa, nusu kijiko cha chai, lisipite ukingo. Tunda la moto linayeyusha siagi kabla bati halijaingia furuni.

Oka kwa digrii 170 dakika 14 hadi 16. Juu zitabaki nyeupe-nyeupe, kingo na chini ziwe rangi ya dhahabu. Zikitoka ni laini, zinavunjika ukizigusa. Ziache kwenye bati dakika 10 zishike. Watu wengi huzidisha kuoka kwa sababu walizijaribu zikiwa moto wakadhani ni mbichi. Chini zikiungua kabla ya juu kuiva, bati lako ni jembamba: weka mabati mawili, moja juu ya jingine.

Umeme wetu una shida yake. Jioni, mtaa mzima ukipika, nguvu hushuka. Furu iliyotengenezwa kwa volti 220 ikipata 180, joto inalotoa hupungua karibu theluthi moja. Taa ya furu inawaka, lakini ndani digrii hazipandi, na biskwi hukaa muda mrefu kwenye uvuguvugu unaoyeyusha siagi bila kuivisha unga. Oka asubuhi, washa furu dakika 20 kabla, na usifungue mlango kwa ajili ya kutazama tu.

Bila furu pia inawezekana. Chukua sufuria nzito yenye kifuniko bapa, mwaga ndani mchanga mkavu safi sentimita 2 hadi 3, iweke juu ya mbabula yenye makala machache, na makala mengi zaidi yawe juu ya kifuniko. Acha ipate moto dakika 15. Jaribu kwa kijiko kimoja cha unga kwenye kibati: unga ukibadilika kuwa kahawia hafifu kwa dakika 5 hivi, joto linatosha. Ukiwa mweusi, punguza makala ya chini. Oka biskwi chache kila mara.

Kutunza na kuuza

Tunda huendelea kutoa unyevu kwenye biskwi, kwa hiyo zile zilizojazwa ni nzuri zaidi siku 3 au 4 za mwanzo, ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Msimu wa mvua muda huo hupungua. Akina mama wanaouza shuleni na kwenye harusi tunawashauri waoke biskwi tupu zenye shimo, ambazo hukaa wiki mbili, kisha wazijaze siku ya kuuza kwa tunda lililopashwa moto kidogo na kuachwa likauke juu.

Dukani tunapima vifurushi vya kipimo hiki cha biskwi 30: unga uliochanganywa na maizena, sukari iliyosagwa, na siagi ikiwa baridi. Tunda la nanasi au nanasi na mapera lililopikwa hadi nusu tunalitengeneza kwa oda, ulete agizo siku moja kabla. Asiye na furu alete vidonge vyake vimeshaundwa na kupoa, tumuokee kwenye furu ya gesi. Vije kwenye kopo bapa, safu moja tu, na tunda aliweke kando kwenye chupa: njia ya kupanda na kushuka vilima vyetu kwa pikipiki huvibana vidonge, na tutamjazia hapa hapa kabla ya kuingiza bati.