Mafundi, pimeni presha ya mafuta kabla ya kutuuzia pampu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la pampu za petroli limenikaa kooni.

Hapa Mwanza magari ya zamani bado yapo mengi tu na yanapiga kazi, Peugeot 504 pikapu, Land Rover 109, Datsun za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), wenyewe hawayatunzi kwa ajili ya kupigia picha, wanabebea mizigo toka Kisesa na Buhongwa kuleta mjini. Na ugonjwa wao mkubwa ni ule ule kila siku. Gari kwenye tambarare inaenda freshi, ukianza kupanda Bugando au ukishatembea masafa kidogo inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima. Unapaki pembeni, unasubiri, unapiga stata inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi ukimweleza hivyo, hata boneti hajafungua ameshasema bosi hapo pampu imekufa, leta hela nikakuchukulie nyingine.

Imekufa umejuaje? Hizi pampu za zamani zinazofungwa ubavuni mwa injini presha yake ni ndogo, gari nyingi za kabureta ni psi (kipimo cha presha) kati ya 2 na 5 basi, sasa kitu kidogo hivyo utakijua kwa kuangalia kwa macho? Geji zipo. Unaweka tii (kiungio cha njia tatu) kwenye mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, unafunga klempu vizuri, unawasha gari, unasoma. Kazi ya dakika chache.

Jirani yangu Nyegezi ana 504, kabadilishiwa pampu, ikaonekana mbovu eti ni feki, akawekewa nyingine, gari bado inakata tu. Mwisho akaja mzee mmoja aliyekuwa fundi wa boti zamani, akaunga geji na mpira mrefu, akaupitisha chini ya boneti mpaka nje ya kioo cha mbele, geji akaibana na waipa na selotepu, akamwambia jirani haya endesha. Mwanzoni mshale umesimama juu ya 3, safi kabisa. Wakaenda wakaenda, mshale ukaanza kushuka taratibu, ulipopita chini ya 1 gari ikaanza kukata. Mzee akasema simama, usizime, shuka kafungue kifuniko cha tangi. Kilivyofunguliwa hewa ikaingia fyuuu, na mshale ukapanda pale pale watu wanaangalia! Kumbe kifuniko chenyewe kilishapotea kitambo, pale palikuwa na kifuniko cha gari nyingine kimezungushiwa nailoni na kipande cha tyubu kibane, tundu la kupumulia halipo. Petroli inatoka, hewa ya kujaza nafasi yake haiingii, pampu inahangaika kama mtoto anayenyonya soda kwenye chupa bila kutoa mdomo. Ungefunga pampu mpya kila wiki isingesaidia kitu. (Mzee hakudai hata mia, aliomba sato tu, na alipewa.)

Halafu kuna mipira ya kutoka kwenye tangi kuja kwenye pampu. Ule upande pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo mpira ukipasuka nyufa mara nyingi hautauona unavuja, unachofanya ni kuvuta hewa. Ndiyo maana fundi anapapasa pakavu anasema huku kuzima. Chomoa mpira pale kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa, toa waya mkubwa wa koili kusiwe na cheche, mtu apige stata. Petroli inatakiwa iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikija kilegevu na mapovu, basi usikimbilie dukani, chukua galoni yenye petroli safi, mpira wa kuvuta wa pampu utumbukize humo moja kwa moja. Ikivuta vizuri, pampu haina kosa, rudi nyuma kwenye mipira, filta na tangi, na matangi haya ya zamani yana kutu usiombe. Ikishindwa hata hapo ndo uanze kuilaumu pampu. Na vuta kijiti cha oili unuse, ikinuka petroli ujue diaframu, ile ngozi ya ndani ya pampu inayosukuma petroli, huenda imetoboka na mafuta yanashukia kwenye injini, hiyo gari usiiendeshe, oili ikishakuwa nyepesi hivyo utaua beringi.

Kinachonitisha zaidi ni huu mtindo wa kuchukua pampu ya umeme ya Corolla ya EFI (ile inayopuliza petroli kwa umeme, haina kabureta), ile ya ndani ya tangi, na kuifunga kwenye gari ya kabureta ili tatizo liishe. Ile pampu inasukuma psi 40 hivi! Kabureta inataka 3 au 4, sindano ya kwenye floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, haiwezi kuzuia nguvu hiyo, petroli inafurika inamwagikia kwenye injini ya moto, jamani si ndo kuchoma watu? Kama ni lazima uweke ya umeme tafuta ya presha ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta, uiwekee na swichi ya kuikata gari ikigonga au injini ikizima. Hizo Mercedes na Volvo za zamani zenye K-Jetronic (mfumo wa zamani wa kupuliza petroli bila kabureta) ni habari nyingine kabisa, zenyewe zinataka bar 5 hivi, yaani kama psi 70, na geji yake tofauti, asiyezijua asizifungue.

Mafundi wenye gereji wanaosoma hapa, geji nunueni ya psi 0 mpaka 15. Ile ya matairi haifai, mshale wake kwenye psi 3 hata haujaanza kucheza. Na sisi wateja kuanzia sasa tukiambiwa pampu imekufa tuulize imesoma ngapi.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza