Daftari la kijiji lihifadhiwe, na habari za mahame ziandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kwa halmashauri za vijiji vya Tanzania Bara. Kila kijiji kilichosajiliwa kina mwenyekiti, mtendaji na muhuri, lakini ukiuliza kilianzaje utaelekezwa kwa mzee mmoja, ambaye huenda ukamkuta hajiwezi kitandani.

Vijiji vingi vilipata sura yake ya sasa wakati wa Operesheni Vijiji. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wananchi walihimizwa kuhamia vijiji vya ujamaa kwa hiari. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, itekelezwe hadi mwisho wa mwaka 1976. Kaya zilizokuwa zimetawanyika mashambani zikapangwa kwa mistari kandokando ya barabara, nyuma yakabaki mahame yenye miembe na makaburi ya wazazi. Wapo walioshukuru kwa shule na zahanati, na wapo waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa moto. Yote mawili yaandikwe, ingawa hilo la pili hadi leo husemwa kwa kunong'ona.

Asidhani mtu kuwa hizi ni hadithi za kupitisha jioni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977 kwa watu waliohamia, au waliotakiwa kuhamia, vijijini. Mjukuu akija leo na kudai kwamba mwembe ule ulipandwa na babu yake, na mwenye shamba akajibu kwamba baba yake aligawiwa eka hizo na kijiji, baraza la ardhi la kijiji litasuluhisha kwa lipi, kama si kwa kumbukumbu za nani aligawiwa wapi na mwaka gani? Nako kuna ofisi ambazo mihtasari ya vikao vya miaka hiyo imo katika kabati lisilofungika, karatasi zimegeuka njano na mchwa wameshaanza pembeni. Kwingine iliondoka na mtendaji aliyehamishwa.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mmoja utengwe kwa kazi hii: wazee wa kila kitongoji waseme, na walimu wa shule ya msingi waandike. Akina mama wasiachwe nyuma, maana wao ndio wanaokumbuka maji yalichotwa wapi kabla ya kisima, nani alikuwa mkunga, matofali ya darasa la kwanza yalifyatuliwa na akina nani kwa msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea), na chama cha kufa na kuzikana kilianza baada ya msiba gani. Mambo hayo hayamo katika jalada lolote la wilaya.

Kaunta buku moja ibaki ofisini chini ya kufuli, na nakala yake ikabidhiwe shuleni kwa hati ya makabidhiano, ili mtendaji mpya akifika aikute.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi