Mbwa anayekula sana na kukonda apimwe kongosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wafugaji wenzangu kuhusu mbwa anayekula kwa pupa na bado akazidi kukonda. Hapa Arusha, mbwa wa namna hiyo akionekana getini mbavu nje, lawama humwangukia mlinzi au dada wa kazi, kwamba nyama ya mbwa anaila yeye. Na mwenye nyumba asiyemshuku mtu hununua dawa ya minyoo, na isipofaa hununua nyingine. Minyoo ipo na ndiyo ya kuangaliwa kwanza, lakini choo kikishapimwa kikaonekana safi, sioni sababu ya kuendelea kumnywesha mnyama dawa ileile.

Ugonjwa ninaousema ni wa kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Huwapata zaidi mbwa aina ya German Shepherd, ambao ndio tunaowapenda kwa ulinzi, na mara nyingi huanza wakiwa bado vijana. Dalili hazijitokezi mpaka kongosho liwe limepoteza takriban asilimia 90 ya uwezo wake. Anayefagia banda huweza kuutambua kabla ya daktari: kinyesi ni kingi kupita kiasi, kimepauka, kina mafuta na harufu kali, na wakati mwingine mbwa mwenyewe hukirudia akakila. Kinachothibitisha ni kipimo maalumu cha damu, inayotolewa mbwa akiwa hajala.

Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauponi, ila unatunzika. Kila mlo, bila kuruka hata mmoja, huchanganywa na unga wa vimeng'enya, na wengi huhitaji pia vitamini B12. Unga huo ni ghali. Mbadala wake, kwa ushauri wa daktari, ni kongosho bichi la ng'ombe, lililosagwa na kugandishwa kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Barafu haiviharibu vimeng'enya, moto huviharibu, kwa hiyo mpishi mwenye huruma anayelichemsha pamoja na ugali huwa amempa mbwa kitoweo tu, si dawa. Ugali nao uwe wa sembe, au apewe wali, kwa kuwa makapi yaliyomo katika dona huzidi kumtatiza tumboni.

Ugumu uko machinjioni. Ukiagiza kongosho, muuza utumbo hukukatia bandama, ambayo ni nyekundu iliyokolea na haina faida yoyote kwa ugonjwa huu. Kongosho lina rangi ya waridi iliyofifia, limejishikiza mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na mara nyingi hutupwa pamoja na mafuta. Tena si la kuchukuliwa kiholela, kwani viungo vibichi visivyokaguliwa huweza kumwambukiza mbwa tegu ambaye mayai yake, yakimwingia binadamu, humletea vivimbe vya maji kwenye ini na mapafu, maradhi yanayofahamika sana katika jamii za wafugaji kama Waturkana na Wamasai.

Ninawaomba wasimamizi wa machinjio waruhusu kongosho lililopita kwa mkaguzi wa nyama liuzwe kwa kilo kama maini, na madaktari wa mifugo waulize kwa undani habari za kinyesi kabla ya kuandika dawa ya minyoo kwa mara ya pili.

Mfugaji wa mbwa,
Njiro, Arusha.