Shukrani kwa mama wa magazeti, soko la Birere

Mama, sikukuuliza jina lako, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele ya watu wote wa Goma.

Ulinipa furushi zima la magazeti ya zamani, yale unayofungia bidhaa, na uliposikia ni ya watoto kufanyia kazi za mikono siku za mvua, ukakataa pesa. Hilo peke yake lingetosha. Lakini uliacha wateja wakingoja ukanifundisha: gazeti likivutwa upande mmoja huchanika kwa kunyooka, upande mwingine linakwenda ovyo, basi mtoto ajaribu kwanza kwenye kona. Na gundi si ya kununua. Unga wa muhogo unakorogwa katika maji baridi, ndipo unawekwa kwenye moto mdogo, mwiko usipumzike, mpaka uji uanze kung'aa.

Watoto wamefunika bakuli lililopakwa mafuta kwa vipande vya gazeti na gundi hiyo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kwanza. Wakubwa wamesokota kurasa zikawa fimbo ngumu, wakaunda mfano wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo: usukani, magurudumu mawili, hata mahali pa kuweka goti! Hakuna aliyewaonyesha, wanaziona kila siku zikiteremka na magunia ya viazi na makala (mkaa). Kwangu mimi hakuna mchezo wa dukani unaofikia hapo.

Mama, tunakuletea bakuli moja, tayari limepakwa rangi. Ni lako. Mungu akubariki wewe na wote wa nyumbani kwako.